Bibi Andrée Blouin Hakuwa Hawara wa Mtu



Jumapili iliyopita, katika mkutano wa tawi letu hapa Kolwezi, mama mmoja muuza samaki aliomba neno. Aliuliza kwa nini kazi ya akina mama katika chama ni kupika na kucheza ngoma wakubwa wanapofika, akamtaja Bibi Andrée Blouin. Mzee mmoja wa kiti cha mbele akamkatiza: "Yule hawara wa mawaziri?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwapo, nikanyamaza. Leo sinyamazi.

Tusi lile si la mzee. Aliliazima kwa magazeti ya Wazungu ya mwaka 1960, ambayo yalishindwa kumjibu bibi huyu yakaona afadhali kumchafua.

Alizaliwa mwaka 1921 katika Ubangi-Shari, baba Mfaransa, mama Mwafrika. Akiwa na miaka 3 alitengwa na mama yake, akatiwa katika nyumba ya masista huko Brazzaville walimofichwa watoto machotara. Akiwa na miaka 17 akapanda ukuta, akatoroka. Baadaye mwanawe René, mtoto wa miaka 2, akashikwa na malaria. Kwinini ilikuwapo, lakini ilikuwa ya Wazungu, na mtoto alikuwa na robo ya damu nyeusi. Akanyimwa, akafa. Je, mama aliyemzika mtoto kwa sheria kama hiyo alihitaji mwanamume wa kumfundisha ukoloni ni nini?

Mwaka 1958 alizunguka Guinea pamoja na watu wa Sékou Touré, mpaka nchi ile ikasema Hapana kwa Ufaransa. Huko akakutana na Wakongo wa chama cha PSA, chama cha Gizenga, nao wakamwomba aje awaamshe wanawake wa Kongo. Akaja mwanzoni mwa 1960. Alidai akina mama wafundishwe kusoma, walinde afya, ulevi upigwe vita, mke aliyeachwa na mtoto wake wapate ulinzi. Mimi ni karani wa mgodi, kazi yangu ni hesabu: katika miezi michache harakati yake iliandika wanawake 45,000.

Na hapa ndugu mtulie kidogo. Katika uchaguzi wa Mei 1960 waliopiga kura ni wanaume peke yao. Wale 45,000 walilipigania sanduku wasiloruhusiwa kuligusa! Kura ya mwanamke ilikuja mwaka 1967.

Lumumba alipokuwa waziri mkuu alimfanya mkuu wa itifaki yake. Mobutu alipotwaa madaraka Septemba 1960, bibi akafukuzwa nchini mwaka huo huo. Alifia Paris mwaka 1986. Watu hawamfukuzi hawara namna hiyo, humfukuza anayewatisha.

Wengine husema hakuwa Mkongo. Ajabu! Shaba yetu ilipopita Dilolo kwenda Lobito kwa treni, nani aliiuliza kabila? Anayetupora havuki mpaka kwa aibu, ila anayekuja kutusaidia tunamdai karatasi.

Jumapili ijayo tunachagua kamati ya tawi. Nitasimama nimpendekeze yule mama muuza samaki awe katibu. Anajua kusoma, na daftari lake la madeni ni safi kuliko la mweka hazina wetu. Mwenye kutaka kucheka acheke mbele yangu.

Karani wa mgodi, Kolwezi