Kiti cha Enzi na Mgongo wa Karani

Wasomaji wetu wa pwani wanakijua kiti cha enzi cha Lamu: mpingo, nakshi za pembe au mfupa, kamba zilizosukwa kwa ustadi. Ni kiti cha fahari. Lakini utazame mgongo wake, umesimama wima kama ukuta. Wazee hawakukitengeneza ili mtu ashinde juu yake. Kilikuwa cha kumkirimu mgeni mtukufu, naye akishaondoka wenyeji hurudi zao barazani na mikekani, huyu kaegemea mto, yule kakunja goti.

Nayasema haya kwa kuwa maofisini kiti kimerudia kuwa cheo. Katika baadhi ya ofisi za kutoa mizigo bandarini Mombasa, meneja, ambaye nusu ya siku yuko nje, ana kiti cha ngozi kinachozunguka. Karani anayejaza hati za makontena katika kompyuta kutwa nzima amepewa kiti cha plastiki, kama vile vya kukodi arusini. Akilalamika kiuno, huambiwa ati kazi ya kukaa si kazi!

La hasha. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi na vyombo vyake vinamfaa mfanyakazi. Na kiti ni chombo cha kazi, kama kasia kwa mvuvi.

Wala tusidhani dawa ni kukaa wima kama askari wa gwaride, jinsi tulivyofunzwa shuleni. Mwaka 2006 wataalamu katika hospitali ya Woodend, Aberdeen, Uskoti, waliwapiga picha za migongo watu 22 wakiwa wamekaa. Waliona kuwa kukaa wima kabisa huvisukuma vile visahani laini vilivyo baina ya pingili za uti kuliko kujilaza nyuma kidogo. Kumbe mto wa barazani ulikuwa na akili yake.

Basi asiye na kiti kizuri na akunje leso au taulo, aiweke nyuma ya kiuno pale penye mbonyeo, aegemee. Miguu isining'inie, kiti cha enzi chenyewe kina pa kuwekea miguu, na karani mfupi atatosheka na kibago. Kioo cha kompyuta kiinuliwe hadi usawa wa macho, hata kwa vitabu.

Lakini hata kiti cha bei ghali hakimfai mtu asiyeinuka. Sala ni ibada, si mazoezi, nami simwambii mtu asali kwa ajili ya kiuno. Hata hivyo, wapo waajiri wanaonung'unikia zile dakika chache za adhuhuri na alasiri, nazo pengine ndizo pekee mgongo wa karani hunyooka mchana kutwa. Na asiye na sala siku hiyo ainuke vilevile, hata kama ni kwenda kujaza gilasi ya maji.