Barua Yako Kwa Gava Iko Meza Ya Nani?

Ukipeleka barua kwa ofisi ya gava, kopi yako inagongwa muhuri, halafu kimya. Ukirudi unaambiwa, "Faili iko kwa bosi." Bosi mgani? Hakuna mtu anajua.

Hapo ndio programu za kufuatilia kazi za ofisi zinaingia. Barua inaskaniwa ikifika, inapewa namba, inatumwa kwa ofisa mmoja mwenye jina. Kila ikihama meza, saa inaandikwa. Ikikaa sana, bosi anapata notisi.

Na siku zenyewe ziko kwa sheria. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ukiomba habari, ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Kama ni maisha ama uhuru wa mtu, masaa 48. Kama uligonga ofisi isiyo yake, wako na siku 5 kuipeleka panapofaa. Sasa faili ikiwa kabatini, nani anahesabu hizo siku?

Lakini tusidanganyane, wasee. Gava ikitaka doo inajua teknolojia. Kulipia kitu eCitizen ni dakika tu. Hiyo programu ikionyesha bosi peke yake, barua italala vilevile, tofauti ni italala kwa kompyuta. Mwenye barua pia aone iko meza gani na siku zimebaki ngapi. Hapo ndio mtu ataogopa kuikalia.

Kwa sasa, ukiomba habari, weka kopi yako na uhesabu 21. Zikiisha bila jibu, uko na siku 30 za kupeleka malalamishi kwa Ombudsman. Usichoke mapema, hiyo ndio wanangoja.