Mazungumzo ya nyumbani: Mwaka mumoja wa kujaribu



Juma lililopita, kisha mukutano, mama mumoja alinivuta pembeni: «Binti yangu anamaliza sasa mwaka mumoja na nusu anajifunza kushona kwa watu. Hajaleta hata franga moja. Nimuache aendelee, ao nimurudishe nyumbani auzishe pamoja na mimi?» Sikumujibu palepale, kwa sababu hata kwangu kuko mutoto wa mudogo wangu mwenye kuwa katika hali ileile. Leo ninamujibu, lakini nitapita njia ya mbali kidogo: muchezo wa golfu.

Hapa Lubumbashi, jina Golf tunalijua zaidi kwa sababu ya kartie. Wengi wetu hatujakanyaga kwenye uwanja wenyewe. Mutu anapiga kampira kadogo na fimbo mpaka kaingie katika tundu, na kuko matundu 18. Mwenye kupiga mara chache kuliko wengine ndiye anashinda.

Kule Marekani, mwaka wa 1950, wanawake 13 walianzisha shirika lao la kucheza golfu kama kazi. Linaitwa LPGA. Leo mashindano yake ni makubwa, na mutu haingii humo kwa kutaka tu. Kuko mashindano ya chini yenye kutayarisha wasichana, yalianza Florida mwaka wa 1981, na sasa yanaitwa Epson Tour.

Musimu wake unaanza karibu mwezi wa tatu na kuisha mwezi wa kumi. Wasichana wanatoka muji huu kwenda muji ule, fimbo zao ndani ya motokari. Mara nyingi shindano moja ni la siku tatu. Kisha siku mbili, wenye kubakia nyuma wanaondolewa, na wanarudia bila kitu, hata kama walilipa kujiandikisha, esanse, chakula, na mutu wa kubeba mufuko. Kama zawadi zote za shindano ni dola 200 000, mwenye kushinda anapata 30 000. Wenye kuwa chini wanagawanya kidogo-kidogo. Ndiyo maana wengi wanalala katika nyumba za familia zenye kuwapokea, na mara ingine baba ao ndugu ndiye anabeba mufuko.

Mwisho wa musimu wanaangalia liste. Kwa miaka mingi, 10 wa kwanza ndio walipata ruhusa ya kucheza LPGA. Mwaka wa 2024 walikuwa 15. Wengine wote wanachagua: kurudilia mwaka mwingine, kujaribu mutihani wa kuingia, ao kutafuta kazi ingine. Lorena Ochoa, binti wa Guadalajara kule Mexico, alipita njia hiyo mwaka wa 2002: alishinda mashindano 3 kati ya 10. Mwaka wa 2007 akakuwa wa kwanza katika dunia yote. Lakini tusidanganyane, wamama: wengi hawafike pale.

Kitu chenye kilinigusa si feza. Ni kwamba musimu uko na mwisho, na tangu siku ya kwanza kila mutu anajua ni nini itahesabiwa. Watoto wetu wanaenda kujifunza kazi bila mwezi wa kumi wao. Hakuna mwenye kusema watamaliza wakati gani. Kisha, siku minervali ya wadogo inakosekana, hasira ndiyo inaamua. Mimi mwenyewe nilikaribia kumutosha yule mutoto katika atelie, juu ya feza ya njia tu.

Siku ya yenga tulikaa naye, tukakamata kaye. Yeye akaandika: mpaka mwisho wa mwezi wa sita, nitajua kukata libaya peke yangu, kuishona, na kiliya aikubali bila kuirudisha. Siye tukaandika: tutatoa feza ya njia na chakula mpaka siku ile, na hakuna mwenye kumutupia maneno wakati wa kula. Aliniuliza: «Na kama sijafika, mama mukubwa?» Nikamujibu: «Tutafungua kaye, tuangalie ni nini inabakia. Kama ni kidogo, tutaongeza. Kama ni mingi, tutatafuta kazi ingine, na hautakuwa umepotea.» Alinyamaza, kisha akaomba bic aandike hilo pia.

Basi, mama mwenye kuniuliza: usimurudishe leo, lakini usimuache pia bila siku. Muulize mwalimu wake amefika wapi. Kisha mukae wawili, mukamate kaye.

Tuonane juma lenye kuja.