Muhula kwa Mwenye Deni



Mwezi huu twataka kusema juu ya biashara ndogo ndogo, khasa za ndugu zetu wa Ufipa, maana wako wanaodhani kwamba dini hukaa msikitini na biashara hukaa sokoni, wala hapana njia ipitayo baina yao.

Tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 uvuvi ulifungwa katika Ziwa Tanganyika, ili samaki wapate kuzaana. Jambo lenyewe lilikuwa na maslahi, kwani ziwa lisilopumzishwa halitawalisha watoto wetu. Lakini na tutazame mzigo wake ulimwangukia nani. Dagaa na migebuka wauzwao Sumbawanga hupandishwa kutoka Kasanga, Kirando na Kabwe, na wauzaji wengi ni akina mama ambao mtaji wao wote ni gunia moja au mawili. Tena miezi ile ndiyo ya mavuno ya mahindi huku kwetu. Wakati wa palizi mteja hukopa. Wakati wa mavuno ndipo anapokuwa na fedha mkononi. Basi muuza dagaa alikosa bidhaa katika miezi ile ile aliyokuwa akiitazamia mwaka mzima.

Mtu kama huyu akipungukiwa hukimbilia wapi? Wengi hukimbilia kwa wale wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la "kausha damu", wachukuao kadi ya benki au vyombo vya nyumbani kuwa rehani. Tuseme mama amekopa shilingi 100,000 ili arudishe 130,000 mwisho wa mwezi. Asipoweza kuulipa mtaji, na akatoa ile ziada tu kwa miezi mitatu, amekwisha kutoa 90,000, na zile 100,000 bado anadaiwa. Hayo ndiyo yaliyotangaziwa vita na Mwenyezi Mungu katika Suratul Baqara, aya ya 279.

Wengine hutuambia kwamba kikoba chao hakina ubaya, kwa kuwa ziada hugawanywa baina ya wanachama wenyewe mwisho wa mwaka. Sisi hatukubali. Akopaye mara nyingi ni mwenye dhiki, na mwenye nacho hukaa akingoja mgao. Basi fedha imetoka kwa mnyonge ikaenda kwa mwenye nguvu, ingawa wote wawili hukaa katika mkeka mmoja. Upatu wa mama zetu ulikuwa bora: kila mmoja hutoa sawa, hupokea kwa zamu, wala hapana azidishiwaye.

Njia nyingine ipo, na wengi hawaijui. Kwa sheria ya mwaka 2018, kila halmashauri hutakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa 2024. Vijana wetu wanaojua kusoma na kuandika wawasaidie mama zao kuunda kikundi, kuandika katiba yake na kuipeleka kwa afisa maendeleo ya jamii, badala ya kukaa vibarazani wakilaumu.

Lakini serikali haiwezi kufanya yaliyo juu yetu. Aya ya 280 ya sura ile ile yaamrisha kwamba mdaiwa aliye katika dhiki apewe muhula mpaka apate wepesi, na kumsamehe ni kheri zaidi. Basi mwenye duka la jumla anayemdai mama wa dagaa, na mwenye nyumba anayemdai kodi ya kibanda, wajue kwamba muhula si hisani ya kujisifia. Jirani zetu wengi hapa ni Wakristo, na haki hiyo ni yao kama ilivyo yetu. Na kwa kuwa wako wajanja ambao hujificha nyuma ya neno "dhiki", aya ya 282, iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imeamuru deni liandikwe na kushuhudiwa. Daftari la shilingi mia chache lakwepesha ugomvi mkubwa.

Tumeulizwa: je, mwenye kudai aweza kumwachia mdaiwa deni lake, kisha akalihesabu kuwa zaka? Wanazuoni wengi wamesema haifai, kwani zaka ni kutoa, na huyu hakutoa kitu. Pengine deni lenyewe alikwisha kulikatia tamaa. Lakini wadaiwa wamo katika yale mafungu manane ya wapewao zaka. Basi na ampe fedha mkononi, bila ya sharti la kumrudishia. Naye akipenda kulipia deni kwa fedha hizo, ni hiari yake. Wallahu aalam.