Nani Ataandika Sengenya?

Muhula wa pili ukifika na tamasha la muziki la shule likikaribia, mwalimu wa muziki katika Kaunti ya Kwale huwa na kazi mbili zisizofanana. Kwa wimbo wa lazima wa kwaya ana karatasi mkononi. Ina safu nne za herufi, d, r, m, f, s, l, t, kila sauti na safu yake. Nukta mbili zinatenga mapigo, kistari kinarefusha sauti, na alama ndogo juu ya herufi inaonyesha oktavo ya juu. Mara nyingi karatasi yenyewe ni kopi ya kopi, nukta zimefifia, na mwalimu analazimika kukisia kama pale pana nusu pigo au robo. Hata hivyo ipo.

Kwa ngoma ya sengenya hana cha kushika. Anaulizia fundi wa ngoma, awe wa Msambweni, Tiwi au Lunga Lunga, wanaelewana malipo, kisha watoto wanasikiliza na kuiga mpaka siku ya mashindano. Mwaka unaofuata fundi akiugua, au mwalimu akipewa uhamisho, kazi inaanza upya.

Je, ngoma za pwani ya kusini ziandikwe ili walimu na vikundi wawe na vitabu vya kufundishia? Ziandikwe. Ugumu uko kwenye mambo mawili: aina ya maandishi, na jina litakalokaa kwenye jalada.

Si kwamba rafu ni tupu kabisa. Graham Hyslop alichapisha kitabu chake kuhusu ala za muziki za Kenya mwaka 1975, na George Senoga-Zake akatoa "Folk Music of Kenya" mwaka 1986, kitabu ambacho walimu wengi wa muziki nchini wamekitegemea tangu hapo. Lakini vitabu vya aina hii vinaeleza zaidi kuliko kufundisha kupiga. Mwanafunzi atajua kwamba sengenya ni ngoma ya Wadigo na Waduruma, kwamba ina ngoma za ukubwa mbalimbali zikiwemo chapuo na vumi, kwamba kuna nzumari na upatu. Hayo yanamtosha kujibu swali la mtihani. Akikabidhiwa chapuo yenyewe, kitabu hakimwambii mkono upi uanze.

Kinachotumika zaidi shuleni na makanisani ni solfa. Mfumo huu ulienezwa na John Curwen huko Uingereza katikati ya karne ya 19, ukaletwa Afrika na wamisionari, na ukakita mizizi kwa sababu hauhitaji piano wala karatasi yenye mistari mitano. Mashine ya taipu ya kawaida ilitosha. Kwa nyimbo za kuimba umefanya kazi kubwa, na mfano ulio karibu ni wimbo wa taifa wenyewe. Mwaka 1963 kamati ya watu watano, Hyslop, Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana, ikautia maneno mapya na kuupanga kwa sauti za kwaya. Mlio wa kijiji kimoja cha Pwani ukaimbika nchi nzima kwa sababu ulikuwa umeandikwa. Mpokomo aliyeutoa, Mzee Meza Moroa Galana, hajulikani kama wanavyojulikana wanakamati.

Ukijaribu kuiweka sengenya kwenye solfa, mambo yanakwama. Herufi za solfa zinataja kimo cha sauti, ilhali mpiga vumi anatofautisha kofi, kiganja kilichobana ngozi, na pigo la wazi linaloachiwa livume. Nzumari nayo haifuati vimo vya piano. Ina sauti zinazokaa katikati ya noti mbili, na mpulizaji hupumua kwa pua huku mashavu yakiendelea kusukuma hewa, hivyo mlio wake haukatiki mahali ambapo mwandishi wa noti angetaka kuweka pumziko. Ndiyo maana sengenya ikipangwa kwa ajili ya kwaya mara nyingi hubaki maneno na mlio wa juu tu, ngoma zikageuzwa pambo la nyuma.

Uganda walikumbana na tatizo hili mapema. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa kasri la Kabaka, mfalme wa Buganda, aliyefundisha pia kwenye Jumba la Makumbusho la Uganda, alimfundisha Mwaustria Gerhard Kubik kupiga marimba ya amadinda. Nyimbo zaidi ya 100 zikaandikwa kwa tarakimu: kila ubao una namba yake, 1 hadi 5, mpigaji wa kwanza ana mstari wake na wa pili ana wake, na mapigo ya huyu yanaingia katikati ya mapigo ya yule. Mwaka 1966 jeshi la serikali ya Milton Obote lilivamia kasri hilo la Kabaka huko Mengo na wanamuziki wake wakatawanyika. Tarakimu zile hazikuchukua nafasi yao, lakini leo mwalimu wa Kampala anaweza kumwekea mwanafunzi ukurasa mmoja mbele na akaanza kupiga siku hiyo hiyo.

Kwa ngoma zenyewe, tangu miaka ya 1960 vyuo vya Marekani vimetumia maandishi ya vyumba, na James Koetting aliyafafanua katika makala ya 1970 kuhusu ngoma za Afrika Magharibi. Mwalimu wa Kwale anaweza kuyachora kwenye daftari la hesabu. Kila chombo kinapewa mstari wa vyumba 12 au 16, kulingana na mwendo wa ngoma. Chumba kinachopigwa kinatiwa alama, tuseme K kwa kofi, W kwa pigo la wazi, B kwa ngozi iliyobanwa. Kisichopigwa kinaachwa kitupu. Mstari wa upatu unakaa juu, wa chapuo chini yake, wa vumi chini kabisa. Mtoto wa darasa la tano anaona kwa jicho pale ambapo vumi inaingia wakati chapuo imenyamaza, jambo ambalo sikio peke yake huchukua muda kulikamata. Nzumari isilazimishwe kuingia humo. Irekodiwe, rekodi ifuatane na kitabu.

Wanaopinga wana hoja, na hoja yao si ya kupuuzwa. Wanasema ngoma ikiandikwa inaganda. Ushahidi upo: "Missa Luba", misa kutoka Kongo iliyorekodiwa mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, ilikuwa kwa kiasi kikubwa ubunifu wa waimbaji papo kwa papo. Baadaye ikaandikwa kwa noti kutoka kwenye rekodi, na tangu hapo kwaya nyingi duniani zimekuwa zikiimba vilevile alivyobuni mwimbaji mmoja siku moja. Sengenya ya Gazi na ya Kinango hazilazimiki kufanana, na kitabu kimoja chenye muhuri wa wizara kinaweza kumfanya mwamuzi wa tamasha aione moja kuwa sahihi na nyingine kuwa kosa.

Lakini Kwale yenyewe ina mfano wa kitabu kisichogandisha. Maulidi ya Barzanji, yaliyotungwa na mwanachuoni wa Madina wa karne ya 18, yanasomwa kutoka kitabuni kote pwani. Maneno yamechapwa. Mahadhi, mapokezi ya kasida na mwendo wa matari vinatoka kwa wanaoongoza, na kila mahali wana yao. Kitabu hakijamfukuza kiongozi wa maulidi, kwa sababu hakikudai kusema kila kitu. Kitabu cha sengenya kikitoa mapigo ya msingi tu, kikaweka namna mbili tatu kutoka sehemu tofauti na kuacha nafasi wazi za ubunifu, fundi ataendelea kuitwa. Tena ataitwa kufundisha yale yasiyoandikika.

Zipo pia ngoma zisizopaswa kuingia kitabuni. Kayamba inayopigwa kwenye uganga wa pepo si somo la darasani, na mila za misitu mitakatifu ya kaya, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2009 kuwa zinahitaji kulindwa kwa haraka, zina wazee wanaojua kipi ni cha hadhara na kipi si cha hadhara. Mpaka huo wauchore wao kabla mhariri hajaanza kazi.

Suala la mali ndilo zito zaidi. Katika hoteli za Diani, bendi hupiga "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982, wimbo wenye mtunzi anayejulikana, Teddy Kalanda Harrison. Kikundi cha ngoma kikipanda jukwaani baada yao, mapigo yake hayana mwenyewe kwenye karatasi yoyote. Akitokea mtu akayaandika na kuyauza kwa jina lake, nani atamzuia? Sheria ipo. Kifungu cha 11 cha Katiba ya 2010 kinataka jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa, na Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Kazi za Kitamaduni ya 2016 inazipa kaunti jukumu la usajili wa awali. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kitabu ni sajili, ambamo sengenya inaandikishwa kuwa mali ya jamii kabla chumba kimoja hakijatiwa alama.

Hapa ndipo kazi inapoangukia katikati ya ofisi mbili. Kwa mgawanyo wa Katiba, shule za msingi na sekondari ni za serikali kuu. Utamaduni ni wa kaunti. Mwalimu ni wa Nairobi, ngoma ni ya Kwale. Wachapishaji nao hawawezi kulaumiwa wakikwepa kitabu ambacho soko lake ni kaunti moja au mbili. Kwa kuwa kaunti ndiyo yenye sajili, ndiyo inayostahili kugharamia, na gharama zenyewe si za kutisha: ujira wa mafundi, siku chache za kurekodi, mtu mmoja wa kuchora vyumba, na kijitabu cha kurasa chache kinachoweza kutolewa kopi bila nukta kufifia.

Mafundi hao waingie kwenye mkataba kama waandishi, wala si wasaidizi wa kushukuriwa ukurasa wa mwisho. Wakati huu, ambapo mtaala mpya umeifikisha sanaa hadi sekondari ya juu kama njia kamili ya masomo, shule zitakazoichagua zitahitaji vifaa vya kufundishia, na zisipovipata Kwale zitachukua vya kwingine. Kaunti ikianza na sengenya peke yake, ikaipeleka katika shule chache za Msambweni na Matuga kwa msimu mmoja wa tamasha, itajua kama vyumba 12 vinasomeka na watoto, kama waamuzi wanavumilia tofauti, na kama mafundi wanaitwa zaidi au wanaitwa kidogo kuliko zamani. Ikionekana wanaitwa kidogo, mkataba urekebishwe kabla ya kuandika ngoma ya pili.