Kwihara: Tuwaeleze Watoto Yote

Ndugu Waislamu, katika Suratur Rum Mwenyezi Mungu (s.w.) anatuhimiza tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Wengine huwaza makasri na ngome za India, ilhali Tabora ipo. Hapo Kwihara, jirani na mji, lipo tembe alimokaa Livingstone hadi Agosti 1872.

Familia zetu huzuru, husikiliza habari za mgeni huyo, zikarejea. Haitoshi. Njia ile ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, ilipitisha pembe za ndovu na wanadamu waliouzwa. Ndiyo hiyo hiyo iliyotuletea Uislamu, na miongoni mwa wafanyabiashara wale walikuwamo Waislamu wenzetu. Kulificha hilo si kuitetea dini. Dini iliyofanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya makosa, na ikalisifu jambo hilo katika Suratul Balad, haihitaji uongo wetu.

Basi wazazi, tuwapeleke watoto, tuwaeleze yote mawili. Tukirudi nyumbani tujiulize: huyu binti anayetufulia na kutupikia, ujira wake tumemlipa?

Wabillahi tawfiq.