Mkaa wa Chemba na sheria inayosubiri barabarani

Mvua zinapokatika kabla mtama na alizeti havijakomaa, mkulima wa Chemba hubakiwa na bidhaa moja yenye mnunuzi wa hakika: mkaa. Soko kubwa liko Dodoma mjini, ambako watu wameongezeka kwa kasi tangu Serikali ianze kuhamia huko mwaka 2016.

Hasara ya biashara hii haionekani kwenye gunia. Tanuri la udongo la kienyeji hula kilo tano hadi kumi za kuni kavu ili litoe kilo moja ya mkaa. Kinachobaki hupotea kama mvuke, moshi na gesi, hewa ya ukaa ikiwamo, kabla hata jiko halijawashwa. Kisiki kisipoachwa kichipue, hakuna mti wa kuifyonza tena hewa hiyo.

Sheria ipo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inataka kibali cha kuvuna. Lakini mchomaji hukutana nayo zaidi barabarani, kwenye kizuizi, gunia likiwa limekwisha shonwa. Hapo mti umeshaanguka na moshi umeshakwenda. Ushuru na faini huongezwa kwenye bei, na mama lishe wa mjini ndiye anayelipa. Asiyetaka kulipa hupita njia za panya usiku. Mwanzoni mwa mwaka 2006 Serikali ilipiga marufuku biashara ya mkaa nchini. Marufuku hiyo haikudumu, kwani miji haikuwa na kitu kingine cha kupikia.

Mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024 unalenga kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Lengo ni zuri. Ila gesi hulipiwa mtungi mzima kwa mkupuo, wakati mkaa hununuliwa kwa kopo, kulingana na mauzo ya siku.

Sheria hiyohiyo ya 2002 inaruhusu kijiji kumiliki msitu wake. Wilayani Kilosa vijiji kadhaa vilitenga maeneo, vikavuna kwa zamu, visiki vikachipua na ushuru ukaingia mfuko wa kijiji. Chemba ni kame kuliko Kilosa na miti hukua polepole, hivyo zamu zingekuwa ndefu na magunia machache. Hata hivyo halmashauri inaweza kuanza na vijiji viwili vitatu, ofisa misitu akafika porini kufundisha tanuri bora kabla ya shoka la kwanza, badala ya kuyasubiri magunia kwenye kizuizi.